Kiazi Kimoja: Maelezo kwa Polisi

Andika, Afisa Rautio, kalamu yako isisinzie:
jina, Tuovi Kemppainen, miaka sabini na mitatu,
mjane wa Urho, mkazi wa ng'ambo ya ziwa,
pale lami inapochoka ikawa changarawe.

Jumamosi, ndiyo. Agosti, jua likichelewa kuaga.
Sauna niliiwasha tangu saa tisa
kwa kuni za mbetula, zile kavu, zisizo na moshi wa fitina.
Ndani tulikuwa watatu: mimi, mvuke, na ndoo.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata yangu ni ya mti, haina mdomo.

Nikatoka barazani kujipoza
kama Mungu alivyoniumba
na kama daktari wa Kajaani alivyonipunguza.

Andika hivyo hivyo. Alivyonipunguza.
Upande wa kushoto pana kovu, limelala kama zipu.
Urho alikufa kabla hajaliona.
Dada yangu Aune hunipaka mafuta pale
huku akitazama dirishani.
Basi. Orodha imekwisha.

Ndipo nikasikia nyigu. Nilidhani nyigu,
nikatafuta kandambili.
Kumbe jicho, jicho lenye miguu minne,
linaning'inia juu ya pipa la maji ya mvua,
wala halikubisha hodi.
Hata kifo kilipomjia Urho
kilikohoa kwanza, wiki tatu.

Nikainama kuokota taulo, likainama.
Nikasogea, likasogea.
Nikaliambia nenda, mara mbili, kwa adabu,
kwa kadiri lugha yetu ya huku ilivyo na adabu.

Sheria unaijua wewe. Mimi najua mawe ya mpaka,
manne, baba yake Urho aliyazika kwa mkono wake.
La juu liko wapi?
Uwanja wangu unaishia kwenye dohani?
Kwenye ncha ya msonobari?
Nikiruka, kichwa changu kimeingia kwa nani?
Ukinyamaza nitajua nayo sheria haijui.

Sikuwa na bunduki. Ya Urho niliiuza, nikanunua jokofu.
Palikuwa na kapu la viazi, nimevichimba asubuhi.
Na mwaka sabini na moja nilicheza besiboli ya kwetu;
mkono huu, huu unaoutazama ukitetemeka na kikombe,
ulikuwa ukirudisha mpira kutoka mwisho wa uwanja
wavulana wa Sotkamo wakibaki wameshika viuno.
Kiazi cha kwanza kilipita.
Cha pili...
Sitasema najuta. Andika "hakusema."

Huyu kijana Jesper, mpangaji wa kibanda cha pili,
ana haki ya kulalamika; naona kaandika euro mia tisa.
Anasema alikuwa akipiga picha machweo.
Huenda. Droni yake ilikuwa imeyapa mgongo.

Lakini niambie, maana umeshusha macho tangu niingie:
mliitazama? Ile kadi. Ushahidi.
Wewe na nani?
Na yule binti wa mapokezi,
aliyenimiminia kahawa bila kuniangalia usoni?

Basi nimemzuia mmoja, nikawapata wanne.

Nitalipa, kidogo kidogo, kama nilivyolipa kovu.
Ila kadi nipeni mkononi. Msiniambie imefutwa,
kufuta ni neno tu,
na jiko la sauna linaijua kazi yake.

Na kile kiazi, kilichomo kwenye mfuko wenye nambari,
nacho kirudi. Nilikitenga kiwe mbegu.
Mkikisahau kabatini kitaanza kutoa macho.
Viazi vina macho mengi, afisa,
ila vyenyewe huyafumbulia udongoni.